Mchora Ramani za Vidole

Stoo yangu ya viazi waliichukua mwaka uleule Mirren Farquhar alipoanza sekondari, wakampa Ishbel Geddes iwe ofisi yake. Mimi ni mpishi wa shule. Viazi nikavihamishia chini ya ngazi, na kwa mwezi mzima sikumsalimia yule mama zaidi ya kukohoa nikipita mlangoni pake. Halafu siku moja akaja jikoni, kibakuli mkononi, akaniomba dengu.

"Za kupika?" nikamuuliza.

"Za kubandika. Natengeneza Bahari ya Kaskazini."

"Dengu zangu ni za supu, bibi wee. Bahari katafute kwingine."

"Kikombe kimoja tu, Senga. Na shayiri kidogo kama unayo. Shayiri nitaifanya nchi kavu."

Sasa mtu akikwambia hivyo utamfukuzaje? Nikampa dengu, nikampa na shayiri, nikamfuata mpaka stoo nijionee mwenyewe. Tangu hapo nikawa kila nikipata nafasi nimo mlangoni mwake, naegemea, namsumbua.

Kazi yake ilikuwa hii. Mirren haoni tangu kuzaliwa. Shule ya watoto wasioona iko mjini kusini, mwendo wa saa tano kwa treni, tena ya bweni. Baba yake, ambaye huendesha lori la kumwaga chumvi barabarani siku za barafu ili iyeyuke, hakutaka mtoto wa miaka kumi na miwili akalale ugenini, na mtoto mwenyewe alisema haendi. Sheria nayo inasema mtoto asome na wenzake wa kwao ikiwezekana. Basi halmashauri ikaajiri mtu mzima mmoja, mshahara kamili, kwa ajili ya mtoto mmoja, amgeuzie kila kitabu na kila zoezi liwe kitu cha kushika. Maneno Ishbel aliyapiga kwa nukta nundu. Michoro aliichora kwa wino mweusi kwenye karatasi maalumu, akaipitisha kwenye mashine ya moto, na kila palipo wino pakafura. Pale mashine iliposhindwa ndipo alipokuja kuniibia dengu.

Kabla ya hapo alifanya kazi miaka ishirini na miwili katika kiwanda cha sweta, akipanga maua ya mishono. Kiwanda kilipofungwa, wenzake wakaenda kuuza dukani. Yeye akajifunza nukta nundu kwa masomo ya posta, akapata cheti, akakitundika juu ya meza. Hakuolewa. Nilipomuuliza sababu alisema wachumba walikuja, ila yeye alikuwa na maswali mengi kuliko wao. Nikaamini. Siku moja alinikuta nakoroga uji wa shayiri asubuhi.

"Kwa nini tunaukoroga kuelekea kulia tu?" akauliza.

"Kwa sababu mama yangu alikoroga hivyo."

"Naye aliambiwa na nani?"

"Ishbel, nina watoto mia mbili wanataka kula."

Kesho yake akaja kunipa taarifa kwamba nyumbani kwake ameukoroga kushoto, na ladha ni ileile. Ndivyo alivyokuwa, na mimi nilimpenda kwa hilo, ingawa uji wangu hadi leo unakwenda kulia.

Mjini watu walikuwa na lao. Kwa muuza mikate, kwa daktari, kila mahali: mshahara mzima kwa mtoto mmoja! Sitajifanya malaika, na mimi niliyasema. Mjukuu wangu Shona ana miaka sita na ana kigugumizi, anasubiri mwalimu wa usemi mwaka wa pili sasa, na kila nikimwona Ishbel akikata sufi ya kutengenezea msitu nilijiuliza pauni elfu ishirini na nane za mshahara wake zingenunua vipindi vingapi vya Shona. Nilijiuliza, kisha nikampelekea chai. Mtu anaweza kubeba yote mawili.

Na ramani zenyewe zilikuwa nzuri, jamani. Milima imezungushwa mistari yake ya mwinuko, myembamba kama nyuzi, mito inajikunja, reli ina vijino, mashamba yana nukta, misitu ina vialama vya misonobari, na majina yamepangwa juu yake kwa nukta nundu. Wageni wakija shuleni, mwalimu mkuu aliwapitisha stoo kwanza. Zilifika arobaini na tatu.

Januari ya mwaka wa nne wa Mirren ukaja mtihani wa majaribio. Ule wenyewe wa taifa ni Mei. Katika jiografia Mirren aliandika vizuri habari za hali ya hewa, za idadi ya watu, za njaa na biashara. Katika swali la ramani, lenye alama ishirini, juu ya ramani mpya ya Ishbel, alipata sifuri. Mwalimu wa jiografia, mtu mpole, akasema kwa masikitiko kwamba pengine mtoto amefika mwisho wake, kuna mambo yanataka macho. Neno hilo likaandikwa. Lilipofika halmashauri, barua ikarudi: Bwana Rennie wa idara ya elimu atakuja Alhamisi ya pili ya Machi kuzungumzia kama Mirren aiache jiografia, na kama kazi ya Bi Geddes ikome Juni.

Ishbel hakusema lolote kuhusu Juni. Kilichomkosesha raha ni ile sifuri.

"Mtu asiyejua hukosea," akaniambia Jumatatu ya wiki ile, mimi namenya karoti. "Anabahatisha, anapata hata mbili. Huyu hakukosea, Senga. Hakuandika kitu. Kwa nini?"

"Si umuulize."

"Nimemuuliza. Nimemwambia, Mirren, ramani zangu zikoje? Akasema si mbaya."

Jibu hilo halikutuambia kitu, maana huku kwetu kaskazini "si mbaya" ndilo jibu la kila kitu. Muulize mtu harusi ya mwanawe ilikuwaje, si mbaya. Muulize aliyevunjika mguu, si mbaya. Kulalamika mbele ya mtu aliyekuhangaikia ni kukosa adabu, na baba yake Mirren amemlea mwanawe vizuri. Darasani mwalimu alizieleza ramani kwa mdomo, Mirren akakariri, na hakuna aliyejua alichokuwa akikipata vidoleni.

Jumanne, baada ya chakula, Ishbel akaingia jikoni na ramani mbili.

"Nifunge macho," akasema, akachukua kitambaa changu cha kufutia sahani.

"Kina harufu ya samaki."

"Funga tu."

Nikamfunga. Nikamketisha kwenye meza ya unga nikamwekea ramani ya bonde la mto, ile aliyoipenda kuliko zote, ile ya kuonyeshwa wageni. Na mimi mdomo wangu hautulii na mikono yangu haitulii: nikaiweka juu chini, nimcheke kidogo.

Akaanza kupapasa kwa kidole kimoja. "Huu mto," akasema. Alikuwa kwenye reli. "Hapa mlima. Hapa... hapa kuna mchanga. Ngoja." Akarudi alikotoka. Kidole kilipanda kikashuka, kikazunguka, kikakwama kwenye majina. Nikaanza kucheka kisha kicheko kikanikauka. Alitumia dakika nzima akitafuta mto aliouchora kwa wino kwa mkono wake mwenyewe, na hakuuona, wala hakugundua kwamba karatasi imegeuzwa.

"Hii ni ipi?" akauliza mwishowe. "Hii siijui. Hii si yangu."

Nikafungua kitambaa. Akaitazama, akaitazama sana, akakaa juu ya gunia la vitunguu.

Kumbe ndivyo wanavyofundishwa wenye macho. Nukta nundu wanaisoma kwa kutazama. Ishbel alikuwa na taa ndogo ubavuni mwa meza, mwanga unakuja kwa upande, kila nukta inaweka kivuli, naye anasoma vivuli haraka kuliko unavyosoma gazeti. Hata cheti kile cha ukutani alikipata kwa macho. Vidole vyake, vilivyoijua sufi kuliko kitu chochote, hakuna aliyevipa mtihani. Ramani alizichora zipendeze, na zilipendeza. Mistari ya milima ilikaribiana mno, kidole hakiwezi kuitenganisha. Alama za misitu, za mashamba na za mchanga, kwa kidole zote ni ukurutu mmoja, vipele visivyo na maana.

"Miaka mitatu na nusu," akasema. "Nimempa mtoto ukurutu."

"Ulikuwa hujui."

"Hiyo ndiyo mbaya zaidi. Sikuuliza. Mimi!"

Nikamwonea huruma, na huruma yangu ikatoa ushauri. "Sikiliza, mwenzangu. Alhamisi usitie neno. Funika kombe mwanaharamu apite. Wakikuacha kazini utazirekebisha polepole, nani atajua? Ukifungua mdomo, huyo Rennie atakuwa na sababu mkononi ya kukutoa hata kabla ya Juni."

"Na Mirren?"

"Mirren ataacha jiografia. Watoto wangapi wameacha jiografia wakapona?"

"Ataiacha akiamini yeye ndiye ameshindwa."

 Nilisema karoti zinaungua, na kweli zilikuwa zinaungua.

Jumatano Mirren hakuja shule, alipelekwa kwa daktari wa meno. Ishbel alijifungia stoo siku nzima. Alikuja mara moja tu kuniomba maboksi ya biskuti, na kitambaa changu kile kile cha samaki hakukirudisha.

Alhamisi mkutano ukafanyika maktaba. Mimi sikualikwa. Nilipeleka chai na biskuti za siagi, halafu nikakuta kwamba vikombe vinahitaji kupangwa, na kwamba vikombe kumi vinaweza kuchukua muda mrefu sana kupangwa. Walikuwepo mwalimu mkuu, Mirren na baba yake, Ishbel, na Rennie mwenyewe, mtu wa miaka arobaini hivi mwenye mafua, leso mfukoni, faili mbele.

Nilitaka kumchukia, akaninyima nafasi.

"Sikuja kumnyima mtoto haki yake," akasema. "Lakini niwaambieni ukweli. Nina watoto kumi na mmoja wadogo wanaosubiri mwalimu wa usemi. Wengine wamesubiri miaka miwili. Fedha ni kapu moja. Kompyuta inayosoma kwa sauti itamtosha Mirren kwa masomo ya maneno. Vitabu tutaagiza vya tayari kutoka mjini. Ramani haziagiziki, ndiyo maana napendekeza jiografia aiache. Imejaribiwa, kwa gharama kubwa, na haikuzaa matunda. Bwana Farquhar, unaonaje huduma aliyoipata mwanao?"

Baba yake akageuzageuza kofia mikononi. "Si mbaya," akasema.

"Mirren?"

"Si mbaya, bwana."

Rennie akaanza kuandika. Mimi nikamtazama Ishbel, nikamfinyia jicho: nyamaza, nyamaza. Akasimama.

"Usiandike hivyo," akasema. "Ni mbaya. Hazisomeki."

Mwalimu mkuu akaweka kikombe chini. "Bi Geddes, ramani zako ni fahari ya shule."

"Ni za kutazama. Juzi nimejifunga macho nikapewa iliyo bora kuliko zote, nikashindwa kuupata mto. Niliichora mimi, nikashindwa. Huyu mtoto alipewa swali la alama ishirini juu ya karatasi ambayo hata mwenyewe aliyeitengeneza haisomi." Akalionyesha faili la Rennie kwa kidole. "Kwa hiyo kama unaandika kwamba kuna aliyefika mwisho wake, weka jina langu."

 Ishbel akainama chini ya meza, akatoa karatasi moja na kitu kikubwa kilichotengenezwa kwa maboksi yangu ya biskuti, akaviweka mbele ya Mirren. "Hivi nimevimaliza jana usiku. Ni bonde lilelile. Sijui kama vinafaa. Niambie."

Mirren akaweka mikono yote miwili, si kidole kimoja. Kwenye karatasi hakukuwa na kitu ila mto, vijito vyake na ziwa. Vidole vikauteremka, vikasimama, vikapanda kijito, vikarudi.

"Unaanza huku," akasema. "Unaingia kwenye ziwa. Unatoka upande huu." Akainua uso. "Kumbe mto haukatiki!"

Kisha akashika maboksi. Ishbel alikuwa amekata makadibodi na kuyapanga moja juu ya jingine, kubwa chini, dogo juu. Mirren akapandisha viganja ngazi kwa ngazi mpaka kileleni, akacheka kwa sauti.

"Ndiyo ile mistari? Ile mistari ya kuzunguka? Mimi nilidhani ni barabara! Nikawa najiuliza, hawa watu wana nini, kwa nini wauzunguke mlima mara tisa, si wapite chini?"

Tulicheka wote, hata Rennie na mafua yake. Baba yake peke yake hakucheka. Alimgeukia mwanawe, na mtu yule sijawahi kumsikia akisema sentensi ndefu kabla ya siku ile.

"Sasa mwanangu, miaka yote hiyo, kwa nini hukusema hazisomeki?"

Mirren akafikiri. "Sikujua kama hazisomeki, baba. Nilidhani ndivyo dunia mnavyoiona nyinyi mnaoona. Imejaa fujo namna ile, kila kitu juu ya kila kitu. Nikawa nawaonea huruma."

Ishbel akaketi. Machozi yalimtoka na hakuyafuta, na yangu yakaingia kwenye biskuti.  Rennie akavuta kiti.

"Bi Geddes, unaelewa ulichoniambia? Halmashauri imelipa miaka mitatu na nusu kwa kazi ambayo haikufanya kazi."

"Naelewa. Andika."

"Nikiandika, nitasemaje tena kwamba unahitajika? Wakubwa zangu wataniuliza kwa nini nisiajiri mwingine, au nisimwajiri yeyote."

"Sijui utasemaje," Ishbel akasema. "Mimi nimejibu la kwangu tu."

Rennie akamgeukia Mirren. Kwetu mtoto wa miaka kumi na mitano huulizwa katika mikutano hii, imo kwenye sheria. Huulizwa, hujibu anachotarajiwa kujibu, na kalamu zinaendelea. "Mirren, huduma ni yako. Wewe unataka nini? Na usiniambie si mbaya."

Mirren mikono yake ilikuwa bado mlimani. Aliona haya, shingo ilimwiva.

"Ramani zake zilikuwa mbaya," akasema. "Mbaya sana. Samahani, Bi Geddes."

"Sawa, mwanangu."

"Lakini nilipopata sifuri, shule nzima walijua kwa nini. Mwalimu alijua, mwalimu mkuu alijua, na wewe bwana ulijua, umeandika humo. Yeye peke yake ndiye hakujua, akaja kuniuliza. Mimi namtaka huyo."

 Rennie akafuta pua, akafungua faili, akapiga mstari juu ya maneno kadhaa. Nilipita nyuma yake na birika nione ni yapi. Nikaona "mwisho wake" limekatwa.

"Mpaka amalize shule," akasema. "Miaka miwili na miezi michache. Jiografia abaki nayo. Na sharti moja: hakuna ramani itakayofika darasani kabla ya Mirren kuipitisha kwa mikono yake. Wale kumi na mmoja," akasita, "wale nitakwenda kuwajibu mimi, na sijui nitawaambia nini."

Sidanganyi, moyo uliniuma. Nilifurahi na ukaniuma. Nikammiminia chai ya pili, nikaijaza mpaka pomoni, nikamwambia kwamba katika hao kumi na mmoja kuna mmoja anaitwa Shona, ana miaka sita, na bibi yake anapika hapa kila siku akitaka kuja kumtafuta. Akaandika jina. Aliandika kweli, nilisimama hapohapo mpaka akamaliza.

Walipoondoka nilibaki kukusanya vikombe. Ishbel hakuwa ameshukuru mtu, wala Mirren hakuwa ameondoka. Yule mama alikwenda stoo akarudi amebeba boksi zima la ramani, zile arobaini na tatu, fahari ya shule, akalitua mezani kwa kishindo, akavuta kiti karibu na mtoto.

"Haya niambie," akasema. "Iliyo mbaya kuliko zote ni ipi? Tuanze na hiyo."